Kundi la nyuki likihama, anayeongoza si malkia

Umeuliza ni nani aliyewaongoza nyuki waliotua kwenye mwembe wako, wakaning'inia hadi alasiri, kisha wakaruka wote kuelekea upande mmoja. Waliotangulia wamekujibu kwamba ni malkia. Mimi hufuga nyuki Tabora, na kwa ninavyowafahamu, malkia ndiye asiyejua waendako. Hata hivyo hawaendi bila yeye: niliwahi kumfungia ndani ya kijikasha cha wavu kwenye tawi, kundi likaondoka, likazungukazunguka hewani, likarudi palepale.

Wanaojua njia ni wapelelezi wanaotafuta tundu la kuwa makao mapya, vibarua wazee waliozoea kutafuta chakula, mia chache tu kati ya maelfu. Ukisogea taratibu ukatazama uso wa lile bonge, utamwona mmoja akitembea juu ya migongo ya wenzake kwa mstari mfupi huku akitikisa tumbo, kisha akizunguka nusu duara na kuurudia mstari uleule. Mwinamo wa mstari huo kutoka wima huonyesha upande kwa kulinganisha na jua, na muda wa kutikisa huonyesha umbali, sekunde moja ikikaribia kilomita moja. Aliyeona tundu zuri hucheza sana. Aliyeona tundu baya huacha mapema, asipate wafuasi. Martin Lindauer, aliyewachunguza nyuki mjini Munich baada ya Vita Kuu ya Pili, aliona wachezaji waliochafuka masizi na vumbi la matofali, akang'amua kwamba hawakutoka kwenye maua.

Uamuzi wenyewe hukamilika kule kwenye tundu: wapelelezi wakifika ishirini au thelathini kwa wakati mmoja, hurudi kupiga mlio mwembamba unaowafanya wenzao wapashe misuli joto hadi nyuzi 35 hivi, na bonge zima huachia. Angani, wanaojua huchoma mbele kwa kasi kupitia sehemu ya juu ya wingu la nyuki, na wasiojua hufuata mwelekeo wao.

(Nyuki wetu wanaohama kwa njaa ni habari nyingine: ngoma yao hushikilia upande mmoja, lakini umbali hubadilikabadilika, kwa kuwa hakuna tundu lililochaguliwa.)

Kwa hiyo, ukiona nyuki wengi wasio na chavua wakiingia na kutoka katika mzinga mtupu uliopakwa nta, wakiukagua kila ufa, usiuguse wala kuuhamisha. Huenda kundi lao likafika kabla ya jioni.