Fundi Anajibu: Spamu zimenizidi kwenye seva yangu

SWALI: Shikamoo kaka. Nina seva ndogo ya imeili niliyoifunga mwenyewe, Postfix ya kupokea na kutuma na SpamAssassin ya kuchuja spamu, tunaitumia mimi, mke wangu na wadogo zangu wawili. Spamu zinaingia kama mvua ya masika, nikaona bora nishushe zile pointi ambazo imeili ikizifikisha inahesabiwa spamu, kutoka 5 mpaka 3, sasa juzi dada yangu aliyeko Muscat katuma hati ya kiwanja chetu cha Chanika ikaangukia folda ya taka, nimekuja kuiona wiki imeshapita. Nishushe tena au nipandishe?
Msomaji, Sinza

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana na hiyo hati. Rudisha 5 leo leo, sheria zote za SpamAssassin wenyewe wamezipangia pointi kwa kufuata hiyo namba, ukishusha unawaonea watu wema tu.

Kuna kitu nakishuku. Fungua spamu moja iliyopenya, soma ile mistari ya juu ambayo kawaida huwa imefichwa, ukikuta URIBL_BLOCKED (yaani orodha ya kukagulia viungo imegoma kukujibu) basi ugonjwa ndo huo. Seva yako inauliza kupitia DNS (kitabu cha majina ya mtandao) ya umma, mfano ile 8.8.8.8 ya Google ambayo wengi tunaiweka bila kufikiria, na wenye orodha nyeusi za watuma spamu kama Spamhaus wanayagomea maswali yanayopita huko kwa sababu yanakuja ya watu kibao kwa pamoja. Yaani nusu ya kichujio chako kimelala na wewe unahangaika na pointi! Weka Unbound, programu ya kuulizia DNS, humo humo kwenye seva, iulize yenyewe moja kwa moja isimtume mtu wa kati, halafu ujaribu kuulizia 2.0.0.127.zen.spamhaus.org. Ikijibu 127.0.0.2 uko vizuri, ikijibu 127.255.255.254 bado unapitia kwa umma. Usilipuuze hili, maana ukiiambia Postfix ikatae kila anayepata jibu lolote toka kwenye orodha, hata hilo jibu la kosa italihesabu kwamba huyu mhalifu, na hapo utawafungia mlango watu wote.

Washa na postscreen, inakuja na Postfix yenyewe. Inamchelewesha mgeni sekunde 6 kabla ya kumkaribisha, na roboti za spamu nyingi hazina adabu ya kusubiri karibu, zinaanza kuongea mlangoni. Ila postscreen_greet_action uiweke enforce, ukiiacha ilivyo inawaona na kuwapisha.

Sasa kufundisha. Bayes, ile sehemu ya SpamAssassin inayojifunza kwa mifano, haianzi kazi mpaka ione spamu 200 na imeili nzuri 200, na wengi wanakosea hapa, wanailisha taka tupu. Ipe na nzuri, hasa za Kiswahili, kwa sababu sheria za SpamAssassin nyingi zinatafuta maneno ya Kiingereza, hawa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haziwajui kabisa, utawafundishia wewe. Na sa-learn, amri ya kuifundisha Bayes, usiiendeshe kama root (yuza mkuu wa seva) wakati kichujio kinatembea kwa yuza mwingine, utakuwa unaandika kwenye daftari hili mwenzio anasoma lile, utafundisha mwezi mzima usione badiliko.

Ile imeili ya dada usiihamishe tu folda ukaiacha, ipitishe kwenye sa-learn --ham (ham ndo imeili nzuri), na zake za zamani zote pia.