Ukosefu wa ajira: kabla hujakariri aina zake

Wadogo zangu mnaoanza uchumi mwaka huu, mada hii huonekana nyepesi kwa kuwa kila mtu ana ndugu anayesaka kazi. Mtaani, asiye na ajira ni yeyote asiye na mshahara. Darasani ni yule asiye na kazi, anayeitafuta, na aliye tayari kuianza. Mwanafunzi, mstaafu na mama anayelea watoto nyumbani bila kutafuta kazi wako nje ya nguvukazi, yaani jumla ya wanaofanya kazi na wanaoitafuta.

Tuseme kuna watu wazima 100: 60 wanafanya kazi, 5 wanatafuta, 35 hawamo. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni kipi? Wengi huandika asilimia 5. Jibu ni 5 kwa nguvukazi ya 65, takriban asilimia 7.7. Sasa watatu kati ya wale watano wakate tamaa, waache kutafuta. Kiwango kinashuka hadi 2 kwa 62, asilimia 3.2, na hakuna hata mmoja aliyepata kazi! Ukielewa hapo, umeelewa nusu ya mada.

Kuhusu aina, usiulize mtu huyu ni nani. Uliza nini kitamrudisha kazini. Mhasibu aliyeacha kazi Arusha na anasubiri majibu ya usaili Dodoma anahitaji muda na taarifa tu: huo ni wa mpito, na haukosekani hata uchumi ukiwa mzuri. Mkata mkonge wa Tanga ni habari nyingine. Tanganyika iliwahi kuongoza duniani kwa zao hilo, kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, mashamba mengi yakataifishwa 1967, uzalishaji ukaporomoka. Hata angesubiri miaka, kazi aliyoizoea isingerudi kama zamani. Huo ni wa kimuundo.

Mhudumu wa hoteli Zanzibar anayepumzishwa masika kwa sababu watalii wamepungua ni wa msimu. Mhudumu huyohuyo, hoteli hiyohiyo, mwaka 2020 Korona ilipozuia safari: wengi wataandika wa mzunguko, yaani unaofuata kupanda na kushuka kwa uchumi, kwa kuwa mahitaji yaliporomoka. Kuna watakaobisha kwamba gonjwa si mzunguko wa biashara, na wana hoja. Iandike hoja hiyo kwenye jibu lako.

Aina inayotuhusu zaidi hupewa aya moja tu kwenye notisi nyingi: ukosefu wa ajira uliojificha, yaani mtu ana shughuli lakini iliyo chini ya uwezo wake. Mwanauchumi wa Uingereza Joan Robinson aliuandikia mwaka 1936, akiwatazama waliopoteza kazi kwenye mdororo wakaishia kuuza viberiti barabarani. Mhitimu anayetembeza soksi Kariakoo, Robinson angemtambua mara moja. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, saa moja ya kazi ya kipato ndani ya wiki inatosha kukuhesabu umeajiriwa. Pasipo posho ya wasio na kazi, nani atakaa bure? Ndiyo maana viwango vyetu huonekana vidogo kuliko hali halisi.

Vipimo navyo hubadilika. Tangu 2013, viwango vya kimataifa havimhesabu tena kuwa ameajiriwa mkulima anayelima chakula cha nyumbani kwake pekee. Tanzania nayo ina tafsiri yake ya kitaifa, inayojumuisha hata walio tayari kufanya kazi lakini hawaitafuti. Ukikuta takwimu mbili za Tanzania za mwaka mmoja zinapishana, angalia tafsiri iliyotumika kabla ya kudhani mmoja kakosea hesabu.