Wanachama Hawaji Mkutanoni, Nifanyeje?

Swali: Shikamoo Bi Mkutubi. Mwezi uliopita nilichaguliwa katibu wa tawi letu la chama cha wakutubi, huku Pwani. Nadhani nilichaguliwa kwa kuwa nilichelewa kukataa. Kwenye daftari tuna wanachama 34, waliolipa ada ni 9. Mkutano wangu wa kwanza walikuja watano, na mmoja wao alikuwa amepotea njia akitafuta semina ya bima. Mwaka wa tatu huu hatujaona kitabu kipya maktabani. Wazee wa tawi wanataka tuandike waraka wa kudai heshima ya taaluma. Nianzie wapi? — *Katibu Mgeni*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Waraka huo uweke kando kwanza. Mimi niliwahi kuandika wa namna hiyo, kurasa tisa, tukaupeleka mbele ya kamati ya bunge la kaunti wakati ugatuzi ungali mchanga. Mwakilishi wadi mmoja, mama wa makamo, alilowesha kidole, akafunua ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akaufunga. Akauliza, "Jana wameingia watu wangapi humo maktabani?"

Tulikuwa wakutubi wanne. Tukatazamana. Watu tunaolipwa kuweka kumbukumbu, na ya jana hatuna!

Kesho yake nilinunua daftari la kurasa 96, nikalifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza ya mlangoni. Kila anayeingia anachorewa kijiti kimoja cha buluu. Anayeondoka kwa kukosa pa kukaa, kijiti chekundu. Aliyelishika daftari lile kwa dhati kuliko sisi sote alikuwa askari wa mlangoni, mzee aliyeishia darasa la nne. Siku moja nilimpita mbio, akaniita nirudi: "Na wewe ni mtu, mama. Ngoja uchorwe." Ilipofika Oktoba, watahiniwa wa kidato cha nne walipoanza kumiminika, kurasa za jioni zilikuwa nyekundu tupu. Hapo ndipo tulipojua kwamba miaka yote tulikuwa tukililia vitabu, kumbe watoto wanarudi nyumbani kwa kukosa viti. Kwa hiyo dai letu lilibadilika kabla hatujalifikisha popote.

Sasa tarehe, na hapa unisikilize sana. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeziweka maktaba za umma kwenye kazi za kaunti, kwa hiyo mlango wa kubisha uko hapo kwenu, si Nairobi. Lakini mlango huo una saa zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, ambamo kila idara hukatiwa kiwango chake, kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Wengi wetu huamka Juni, chungu kikiwa kimeshaepuliwa, tukalalamika kwamba hatukupakuliwa. Wewe lenga vikao vya maoni vinavyotangulia Februari. Na ukiambiwa vimepita, Katiba hiyohiyo, kifungu cha 37, inakupa haki ya kupeleka ombi rasmi kwa mamlaka ya umma.

Usiende na wakutubi watupu. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, nao wanalijua hilo. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ule unaoruhusu kitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu au sauti kwa ajili ya wasioona bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, haukupiganiwa na wakutubi peke yao. Vyama vya wasioona vilikuwa mbele, vyama vya wakutubi ubavuni mwao, na Kenya ikajiunga nao 2017. Sisi tulikwenda na kinyozi aliyekuwa akiazima vitabu vya umeme. Alisimama na aproni yake, akazungumza dakika tatu, hakuna aliyemkatiza.

Tulipata viti na taa za ukumbini. Vitabu vilikuja mwaka uliofuata, tena nusu ya tulivyoomba.

Hao 25 wasiolipa usiwatumie ujumbe wa kudai ada. Wa kudaiwa wanatumiwa wa kutosha na watu wa mikopo ya simu. Kila mmoja mpe kazi ndogo yenye jina lake na siku yake. Huyu achore vijiti kwenye maktaba ya shule yake wiki mbili. Yule ampigie karani wa bunge la kaunti, aulize kikao cha maoni ni lini na ukumbi gani. Mwingine atafute msomaji asiyeogopa kipaza sauti. Kwetu, wa kwanza kurudi alikuwa mkutubi wa shule ya bweni ambaye tulikuwa tumemsahau hata sura. Alikuja kwa sababu alikuwa na idadi yake ya kusoma mbele ya watu. Akalipa ada siku ileile bila kuulizwa, na kwa vile sikuwa na kitabu cha risiti, nilimwandikia nyuma ya kadi ya katalogi.

Kundi la WhatsApp liache na rambirambi zake na harusi zake, sisi ni binadamu. Ila kila Ijumaa bandika humo hesabu ya vijiti.

Swali: Nasomea ukutubi, mwaka wa pili. Nimeambiwa nisijiunge na chama hadi nipate ajira. Ni kweli? — *Msomaji, Eldoret*

Jibu: Si kweli. Uliza kama kuna ada ya wanafunzi, ujiunge, kisha uombe kuandika kumbukumbu za mkutano. Hutagombania na mtu. Na daftari nunua lako mwenyewe. Lile letu la kurasa 96 hadi leo sijui liko kwa nani.