Eksirei ya kwanza ilikuwa safi, usiku mtoto akaanza kuhema

Dada uliyeuliza kama kuna kipimo cha damu cha kuonyesha iwapo pafu la bintiyo wa miaka 4 limeumia baada ya kugongwa na bodaboda, pole sana. Swali hilohilo nilimuuliza daktari mwaka jana, mwanangu alipopigwa kifuani na usukani wa pikipiki hapa Kayole.

Mbavu zote zilikuwa nzima, eksirei safi, tukaruhusiwa kwenda nyumbani na dawa ya maumivu. Nikashukuru Mungu kwa hizo mbavu. Kumbe mbavu za mtoto ni laini, zina gegedu nyingi, hubonyea na kurudi, na kishindo chote hupokewa na pafu. Pafu linavilia damu na nje huoni hata alama. Saa nane usiku akaanza kuhema mbio, pua zikitanuka. Tuliporudi, eksirei ya pili ilikuwa na wingu jeupe upande wa kulia. Jeraha hili huchukua saa kadhaa kuonekana kwenye picha, na linaweza kuzidi kwa siku moja hadi tatu kabla halijaanza kupungua.

Sasa damu. Vipimo vipo, ila bado ni vya watafiti. Daktari alinichorea kwenye bahasha ya eksirei: seli za njia ndogo za hewa hutengeneza protini iitwayo CC16, na zile za vifuko vya hewa hutengeneza nyingine, SP-D. Zote mbili makao yake ni upande wa hewa. Ukuta mwembamba unaotenga hewa na damu ukijeruhiwa, huvujia kwenye damu, na kiwango hupanda. Tatizo ni kwamba CC16 huondolewa na figo, kwa hiyo figo zikilegea itapanda hata pafu likiwa zima. Interlukini-6, protini ambayo mwili hutoa unapoumia popote, nayo hupanda hata mtoto akivunjika mguu tu. CRP, protini nyingine ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi, ni vivyo hivyo. Mimi niliilipia kwenye maabara ya mtaani, ikaja juu, ikanikosesha usingizi bure.

Pesa hizo ziache. Mhesabu pumzi akiwa amelala, dakika nzima. Kwa umri wake, 40 au zaidi ni mbio. Kuhusu kiwango cha oksijeni kwenye damu, kile kinachopimwa kwa kifaa cha kubana kidoleni, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo namba huwa chini kidogo kuliko Mombasa. Angalia kama inashuka kila ikipimwa. Ultrasaundi nayo husaidia, tena haina mionzi kama skani ya CT. Akikohoa damu, midomo ikibadilika rangi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, ondokeni kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Wangu alilazwa siku 4: oksijeni ya puani, na dawa ya maumivu ili aweze kuvuta pumzi vizuri. Kama bintiyo amegongwa jana, mrudishe leo wamkague upya, hata kama eksirei ya kwanza ilikuwa safi.