Gari la zamani linapowaka siku linapotaka: tafuta chanzo kabla ya kununua kifaa

Gari lililogoma moja kwa moja halimpi fundi shida kubwa, kwa sababu ugonjwa upo mbele yake na anaweza kuupima. Linalosumbua ni lile linalogoma alfajiri ukiwa na safari, kisha ukilifikisha gereji linawaka kwa kupiga swichi mara moja tu, na fundi anakutazama kana kwamba umemzulia. Fundi ambaye hakuuona ugonjwa hana budi kukisia, na kila kisio lake ni kifaa utakachokinunua wewe: leo betri, wiki ijayo plagi, mwezi ujao pampu ya mafuta. Ninaendesha Corolla 110 ya mwaka 1997, yenye injini ya 5A na gia za otomatiki, na makazi yangu ni Mbeya, mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako asubuhi za Juni na Julai zina baridi kali. Shughuli zangu hunishusha Kyela mara kwa mara kupitia Uyole na Tukuyu, hadi kwenye joto la karibu na ziwa, na tofauti hiyo ya hali ya hewa imenifundisha mambo ya gari la zamani ambayo nisingeyajua kama ningekuwa naendesha mjini pekee.

Swali la kwanza la kujiuliza ni kama stata, yaani mota ya umeme ya kuwashia gari, inazungusha injini au haizungushi. Watu wengi husema tu kwamba gari haliwaki, na chini ya maneno hayo wanaweka magonjwa mawili yasiyohusiana kabisa. Stata isipozungusha injini, achana na plagi, petroli na pampu, maana tatizo liko kati ya betri, nyaya, swichi na stata yenyewe. Stata ikizungusha kwa nguvu na injini isishike moto, betri na stata hazina kosa, na unatakiwa kutafuta cheche au mafuta. Fundi anayekuuzia betri wakati stata inazungusha vizuri hajakusikiliza.

La pili ni kuweka kumbukumbu. Andika gari lilikuwa limelala muda gani, injini ilikuwa ya baridi au ya moto, kulikuwa na mvua au la, tanki lilikuwa na mafuta kiasi gani, gia ilikuwa kwenye P (ya kuegesha) au N (huru), na taa za dashibodi zilifanya nini ulipopiga swichi. Ugonjwa unaokuja na kuondoka mara nyingi huwa na masharti yake, na ukishayajua unaweza kuuita ujitokeze badala ya kuusubiri.

Tuanze na stata isiyozungusha. Nunua mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini. Betri nzima iliyojaa, iliyopumzika usiku kucha, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.4 imepungua, na ikisoma 12.0 iko karibu na kuisha. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa kuwa betri iliyochoka inaweza kuonyesha 12.5 na ikaanguka mara tu inapobebeshwa mzigo wa stata. Kwa hiyo mtu apige swichi huku wewe unatazama mita: ikishuka chini ya 9.6 na betri ilikuwa imechajiwa, betri ndiyo mtuhumiwa. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi, ikibaki chini ya 13, alternata, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji na betri mpya utakayonunua itakufa vilevile.

Kama huna mita, washa taa ya ndani kisha piga swichi. Taa ikififia sana au kuzimika, umeme hautoshi au haupiti, hivyo angalia betri na viungo vyake. Taa ikibaki angavu na ukasikia mlio mmoja wa "tak", umeme umefika kwenye stata lakini stata haifanyi kazi. Taa ikibaki angavu na kukawa kimya kabisa, amri yenyewe haifiki, na hapo unatafuta kwenye swichi, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) au waya mwembamba unaoiamuru stata.

Viungo vya betri vinastahili muda kuliko watu wanavyovipa. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huondoka kwa maji ya moto yenye magadi, lakini kibaya zaidi ni kutu usiyoiona. Kwenye gari langu waya wa ethi, ule mweusi unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na injini, ulikuwa mzuri kwa nje. Nilipokata ganda lake karibu na kichwa, shaba ndani ilikuwa imegeuka kijani na inakatika vidoleni kama majani makavu. Waya wa namna hiyo hupitisha umeme wa taa bila shida na kushindwa kupitisha umeme mkubwa wa stata, hasa asubuhi ya baridi, wakati oili ni nzito na betri yenyewe imepungukiwa nguvu. Mita huufichua kwa urahisi: weka ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Usomaji usizidi volti 0.2 hivi. Upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti kubwa ya stata, usizidi 0.5. Kipimo hiki hakihitaji kufungua hata nati moja, na sijui kwa nini gereji nyingi hazikifanyi.

Ule mlio mmoja wa "tak" una sababu inayojulikana sana kwenye stata za magari ya Kijapani ya miaka ile. Ndani ya solenoidi, swichi kubwa ya umeme iliyo kwenye stata, kuna vipande viwili vya shaba vinavyounganishwa na kisahani kila unapopiga swichi, na kila muungano hutoa cheche inayokula shaba kidogo. Baada ya miaka mingi kipande kimoja huliwa kuliko kingine, na kisahani kikigusa upande mmoja tu hakuna kinachoendelea. Siku nyingine kinagusa pande zote mbili na gari linawaka kama jipya. Ndiyo maana unaweza kupiga swichi mara kadhaa na ghafla ikakubali. Niliwahi kushauriwa kununua stata nzima ya mtumba, ushauri ambao siupendi, kwa sababu stata ya mtumba imetoka kwenye gari la umri uleule na shaba zake huenda zimeliwa kiasi kilekile. Shaba huuzwa peke yake, na fundi umeme mzuri huzibadilisha akiwa amefungua stata, akikagua na kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota kwa safari hiyohiyo.

Kama kuna ukimya, na gari ni la otomatiki, jaribu kuwasha ukiwa kwenye N badala ya P, mguu ukiwa kwenye breki. Likikubali, swichi ya gia, ile inayoruhusu stata kwenye P na N pekee, imechoka au imesogea. Ukimya ukiendelea, chungulia chini ya usukani uone alamu iliyofungwa na wamiliki waliotangulia. Rilei za kukata moto, zilizounganishwa kwa kusokota nyaya na kuzungushia tepu ambayo gundi yake imeshayeyuka, ni chanzo cha migomo mingi ambayo hakuna kitabu cha gari kitakachokueleza.

Sasa gari ambalo stata inazungusha lakini haliwaki. Pima likiwa limegoma, si baada ya kukubali. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya mmoja wa plagi, ilaze ikigusa chuma cha injini, mbali na petroli, ishike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, na mtu apige stata. Cheche ya buluu yenye mlio inatosha. Kama hakuna, tazama distributa (inayogawa cheche kwa kila plagi), koili (inayozalisha umeme wa cheche) na kifaa cha kuamuru cheche. Vifaa hivi huwa na tabia ya kufa vikipata joto na kufufuka vikipoa, kwa hiyo gari lililokata moto Kyela saa nane mchana linaweza kuwaka lenyewe jua likishapungua, na fundi wa Mbeya asikute kosa lolote kesho yake.

Cheche ikiwepo, geukia mafuta. Kwenye Corolla za miaka hiyo pampu haingurumi unapofungua swichi tu. Huanza stata inapozunguka. Wapo wanaotega sikio kwenye tanki, wasisikie kitu, wakaihukumu pampu nzima. Fungua kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC karibu na betri, unganisha matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa kipande cha waya, fungua swichi, na pampu itanguruma. Kama gari huhitaji stata ndefu baada ya kulala, fanya hivyo kwa sekunde chache kabla ya kuwasha: likishika moto papo hapo, presha ya mafuta inavuja usiku, mara nyingi kwenye vali ndogo ya pampu.

Likigoma kwa harufu kali ya petroli na plagi zilizolowa, shuku sensa ya joto la maji. Ikiiambia kompyuta kwamba injini ni ya baridi ilhali ni ya moto, mafuta yanamwagwa kupita kiasi. Upinzani wake wa umeme, unaoupima kwa mita, huwa karibu omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na kati ya 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Kwenye kiboksi kilekile, ukiunganisha TE1 na E1 na kufungua swichi, taa ya injini humeta kwa kuhesabu namba ya kosa: 22 ni sensa hiyo, 14 ni mawasiliano ya cheche.

Linabaki gari linalogoma baada ya kukaa siku mbili tatu bila kuendeshwa, na kuwaka kila siku linapotumika. Hapo kuna kitu kinanyonya betri. Funga milango, toa ufunguo, tenganisha waya wa hasi na upitishe mita ya ampea katikati, bila kujaribu kuwasha gari maana utaichoma mita. Baada ya dakika chache usomaji uwe chini ya ampea 0.05. Ukizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka ushuke. Zikiisha fyuzi zote na usomaji uko palepale, chomoa waya mnene wa alternata kabla hujamwita mtu kuifungua dashibodi.