Muulize Mwalimu: Chekechea ya umma, mbona nalipa?

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, katika shule ya umma huku Kisauni, Mombasa. Kila muhula nadaiwa shilingi 900: uji, mlinzi na "mwalimu wa ziada". Kaka yake yuko Gredi ya 3 shule hiyo hiyo, wala hadaiwi chochote. Nimeambiwa serikali haileti kitu kwa watoto wadogo. Wiki jana binti karudishwa nyumbani. Ni kweli?*
*Mama wa wawili*

Marahaba, mwanangu. Ni nusu ya kweli.

Huyo kaka mtu ametengewa na Wizara ya Elimu shilingi 1,420 kwa mwaka, ingawa hata hizo huja kwa kuchelewa. Hesabu hiyo huanzia Gredi ya 1. PP1 na PP2, miaka miwili ya chekechea, hazimo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi chekechea kwa kaunti. Kaunti ndiyo inayoajiri walimu hao na kujenga madarasa yao, kutoka katika mgao wake, na kila moja hupanga ipendavyo. Basi wanao wanaingia lango moja lakini wana wafadhili wawili.

Ubaguzi huu ni wa zamani. Nilipoanza kufundisha nasari, yaani chekechea, mshahara wangu ulitoka mifukoni mwa wazazi, na mwezi mbaya niliambulia unga na nazi. Mwaka 2003 Rais Kibaki alipofanya shule ya msingi kuwa bure, tulishangilia pamoja na wenzetu. Muhula ule ule madarasa yetu yakaanza kupwaya. Mzazi alipe nasari ya nini, na darasa la kwanza halina karo? Watoto walipelekwa moja kwa moja huko, hata kalamu hawajui kuishika. Mwenzangu mmoja aliyekuwa fundi hasa wa kufundisha watoto kwa nyimbo aliishia kuuza mahamri. Ugatuzi, yaani kukabidhi kaunti madaraka, ulitupa walimu wa nasari mwajiri; hilo silikatai.

Sasa hizo 900. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaihesabu chekechea kuwa elimu ya msingi. Kifungu cha 29 kinakataza karo katika shule ya umma. Michango mingine yaruhusiwa kwa idhini ya Waziri, akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na lazima utolewe risiti rasmi. Na mtoto hafukuzwi kwa kukosa mchango. Mrudishe binti kesho asubuhi, kisha umwombe mwalimu mkuu akuonyeshe idhini hiyo. Usigombane na mwalimu wa PP1, yeye hapangi bei.

Linalonikera zaidi ni huyo "mwalimu wa ziada". Maana yake kaunti haijaleta walimu wa kutosha, na pengo mnaliziba nyinyi. Iandikie idara ya elimu ya kaunti uulize kituo chenu kimepangiwa walimu wangapi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Nendeni wazazi kumi, si wewe peke yako. Mkiambiwa pesa hakuna, ulizeni za basari zilitoka wapi. Kaunti nyingi hufurahia kugawa hundi za sekondari na vyuo vikuu, kazi ambayo Katiba imeipa serikali ya kitaifa. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alipozitaka kaunti ziwe kwanza na makubaliano na serikali hiyo kabla ya kutoa basari, magavana walikuja juu. Mtoto wa PP1 hana kura wala hapigwi picha na hundi.

*Mwalimu, nina chekechea yangu binafsi Likoni. Naweza kupata ruzuku ya kaunti?*
*Baba Zuhura*

Usiitarajie. Pesa za kaunti kwa kawaida huenda kwenye vituo vya umma. Usajili, hata hivyo, ni wa lazima chini ya Sheria ya Elimu ya Chekechea ya 2021. Kama hujasajiliwa, anza na hilo kabla mkaguzi hajakubishia hodi.