Kabla Hujabana Filta

Juzi kijana mwingine wa redio ya ridhaa kalalamika: ishara inampiga S9, yaani kali kabisa, lakini dekoda, ile ya kugeuza ishara kuwa maandishi, inamwaga takataka. Nikamuuliza filta ya redio yake, ile inayopitisha ukanda mmoja wa masafa na kuzuia mengine, ina upana wa Hz ngapi. "Mia mbili hamsini," akajibu kwa fahari. Wadogo zangu, kosa hili la kubana filta mno nimeshalifanya, basi nisikilizeni.

1. Kwenye grafu ya filta, usiishie kutazama mkunjo wa ukubwa, unaoonyesha masafa yapi yanapita. Tazama na ule wa ucheleweshaji wa kundi, yaani kila masafa yanacheleweshwa kiasi gani ndani ya filta. Filta ya kristali yenye kuta kali, inayokata ghafla pembeni, huchelewesha masafa ya ukingoni kuliko ya katikati.

2. Toni mbili za RTTY, maandishi yanayotumwa kwa redio, zimeachana Hz 170, na kila biti ni milisekunde 22. Nilipofunga filta ya Hz 250 nilijiona nimemaliza kelele. Lakini nilikuwa naitega stesheni kwa sikio tu, nikawa nimekosea Hz 30 hivi pembeni. Toni moja ikatulia ndani, mwenzake ikabanwa ukutani, ikawa inafika imechelewa. Biti zikakanyagana. Mimi nikalaumu antena. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha modemu. Mwisho nikamwambia mzee niliyekuwa nawasiliana naye kwamba transmita yake ni mbovu. Mzee wa watu akaifungua, akahangaika nayo siku mbili nzima, asione kitu. Usiku mmoja nikapanua filta hadi Hz 500 kwa sababu nyingine kabisa, na maandishi yake yakatoka safi, herufi kwa herufi. Nilikaa pale nikiyasoma, nimeshikwa na aibu. Nilimwomba radhi, akanisamehe papo hapo. Bado linaniuma.

3. Kwenye morse, filta nyembamba yenye kuta kali hulia kama kengele, na kila mpasuko wa radi hurefushwa. Kwa kasi ya maneno 30 kwa dakika nukta ni milisekunde 40 tu. Mlio ukizidi, nukta zinashikana. Panua kidogo, liachie sikio lifanye kazi yake. Sikio lililozoea huchuja vizuri mno, nawaambia kweli.

4. Mnaoandika programu: filta ya kidijitali aina ya FIR, isiyorudishia matokeo yake ndani, ikiwa na koefishenti linganifu huchelewesha masafa yote sawasawa. IIR za kawaida, zinazorudishia matokeo yao ndani, sivyo.

5. FT8, ule mtindo wa kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta na redio: fungua filta, Hz 3000 kama redio inaruhusu. Programu ndiyo inayochuja. Hili nimelisema mara ngapi?